Kilomita Chache, Kusubiri Kwingi: Hesabu ya Safari ya Liuli

Kati ya uwanja wa ndege wa Heathrow, London, na ule wa Charles de Gaulle, Paris, kuna kilomita 348 hewani. Kati ya uwanja wa Songea na ule wa Songwe, Mbeya, kuna kama 320. Kwa rula na ramani, basi, Songea na Mbeya zimekaribiana kuliko London na Paris. Lakini mtu wa London akiamka na shauri la kwenda Paris, jioni anaweza kurudi kulala kwake. Wa Songea mwenye shauri la Mbeya anakwenda kwanza stendi kuulizia gari la kesho alfajiri, kwa sababu njia ya gari inazunguka Njombe na Makambako, kilomita kama 460, na milima ya Lukumburu haina huruma kwa dereva mwenye haraka.

Tofauti hiyo kwa kawaida tunaisemea umaskini, tukanyamaza. Wao wana pesa, sisi hatuna. Ni kweli, ila haitoshi. Tukitaka kujua muda wa safari unaliwa na nini hasa, tuchukue mahali ambapo hesabu inaonekana yote, toka mwanzo hadi mwisho, na sijui mahali pazuri kwa kazi hiyo kuliko Liuli, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma.

Liuli hadi Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, haifiki kilomita 700. Kwa barabara ni kama 1,150: kutoka Liuli kufuata ziwa hadi Mbamba Bay, kupanda kilomita 66 hadi Mbinga, karibu 100 nyingine hadi Songea, halafu zaidi ya 900 kupitia Njombe, Iringa na Morogoro. Kwa ndege unapanda Songea. Songea hadi Dar hewani ni kilomita 580 hivi, na ndege ya mapanga aina ya Dash 8 Q400, ambayo Air Tanzania huitumia kwa viwanja vya namna hii, ikishatulia juu huenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Ukiongeza kujikokota ardhini, kupanda na kushuka, ratiba inasoma kama saa moja na nusu.

Sasa weka wasafiri wawili wanaotoka Liuli asubuhi moja, mmoja ana tiketi ya ndege, mwingine ana nauli ya basi. Wote wawili wanapanda gari moja la vumbi hadi Mbamba Bay, wanasubiri lijae la kwenda Mbinga, wanaunganisha la Songea. Wakifika Songea jua limeshainama. Mwenye tiketi ya ndege anatafuta gesti, maana ndege yake ni ya kesho. Wa basi naye zamani alikuwa analala, kwa kuwa mabasi ya abiria yalikatazwa kutembea usiku tangu miaka ya 1990. Katazo hilo liliondolewa mwaka 2023. Kwa hiyo leo akibahatika kupata basi la usiku, anaweza kuwa Dar anakunywa chai wakati mwenzake bado anakaguliwa begi Songea. Chombo chenye mwendo mara kumi ya kingine kimeshindwa, na hakikuharibika wala hakikuchelewa. Kimeshindwa na kilomita 200 za kukifikia na usiku mmoja wa kukingoja.

Kama siku hiyo si zamu ya ndege, basi linashinda hata bila usiku.

Hili si jambo la kwetu peke yetu. Treni ya Eurostar, iliyoanza mwaka 1994, huchukua saa mbili na robo hivi kati ya London na Paris. Ndege huruka kwa saa moja na robo. Lakini abiria wengi wa kati ya miji hiyo walihamia kwenye treni, maana treni inakushusha katikati ya mji, na uwanja wa ndege unakutaka ufike mapema, upange foleni, ukaguliwe, kisha ukishuka utafute usafiri mwingine wa kuingia mjini. Wazungu walipiga hesabu ya mlango hadi mlango, wakagundua kwamba saa moja ya hewani ina mkia mrefu. Tofauti ni kwamba mkia wa Heathrow una saa mbili tatu. Wa Liuli una siku.

Historia ya ziwa hili inalisema jambo hilohilo kwa namna ya kuchekesha kidogo. Wamisionari wa UMCA, chama cha Kianglikana, walipotaka meli kubwa ya kuhudumia vijiji vya mwambao, waliagiza Chauncy Maples ijengwe Glasgow, ikaletwa vipande vipande. Kutoka Scotland hadi mdomo wa Zambezi ni maelfu ya kilomita, na bahari haikuwasumbua sana. Kilichowatoa jasho ni kipande cha nchi kavu kandokando ya mto Shire, kama kilomita 100, ambako boila la tani 11 lilivutwa kwa kamba na Wangoni wapatao 450. Walikwenda kama kilomita tano kwa siku, wiki tatu nzima. Meli iliingia majini mwaka 1901. Wengi wanaikumbuka kwa uzee wake wa ajabu, mimi naikumbuka kwa boila hilo: safari nzima ilikuwa ndefu kwa sababu ya sehemu yake fupi.

Kabla ya meli, watu walitembea. Misafara ya Kilwa iliyokuja ziwani kwa pembe na kwa watumwa ilikata nchi ambayo, kwa mstari, ina kama kilomita 580, sawasawa na Songea hadi Dar kwa ndege. Mpagazi mwenye mzigo hutembea kilomita 15 au 20 kwa siku, siku njema. Ukiongeza mizunguko ya njia, mito iliyojaa, magonjwa na kusubiri chakula, ni mwezi na zaidi. William Percival Johnson, padri wa UMCA ambaye kaburi lake liko Liuli, aliufikia mwambao huu kwa miguu katika miaka ya mwanzo ya 1880, kisha akatumia karibu nusu karne akizunguka vijiji vyake hadi alipofariki mwaka 1928. Kwa watu wa zama zile ukubwa wa safari ulikuwa kwenye mwendo wenyewe, hatua kwa hatua. Kusubiri kulikuwepo, lakini hakukuwa bwana.

Na habari nayo ina umbali wake. Agosti 1914 Liuli iliitwa Sphinxhafen, jina ambalo Wajerumani walilitoa kwenye mwamba wa bandarini wenye sura ya ile sanamu ya Misri. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Uingereza ilikuwa imetangaza vita tarehe 4, na habari ikafika Nyasaland, Malawi ya leo, kwa waya wa simu. Kwa Wajerumani wa mwambao wa mashariki ilikuwa bado. Tarehe 13 nahodha Mwingereza, Rhoades, akaja na manowari yake ndogo, Gwendolen, akafyatua mizinga. Masimulizi yanasema nahodha wa Kijerumani, Berndt, ambaye walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, alidhani mwenzake kalewa, akatoka na mtumbwi kwenda kumgombeza. Akachukuliwa mateka. Hilo ndilo linalotajwa kuwa pambano la kwanza la majini la Vita Kuu ya Kwanza. Marafiki wawili waliokaa kwenye ziwa moja, mmoja akiwa jirani wa London kwa waya, mwenzake akiwa mbali nayo kwa wiki.

Nimekaa kwenye mambo ya kale kwa kusudi. Mtu akisema Liuli iko mbali, aulizwe: mbali na nini, na kwa chombo gani? Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 na makao yake kuwekwa Mbamba Bay, Liuli ilisogea karibu na ofisi ya mkuu wa wilaya kwa kilomita 66, na hakuna kokoto lililomwagwa. Mtu aliyekuwa akipanda milima hadi Mbinga kufuatilia hati sasa anafuata mwambao tu. Umbali wa mwananchi na serikali yake ni jambo la kupangwa mezani pia, si la greda peke yake.

Greda nalo limefanya kazi, tuseme ukweli. Barabara ya Peramiho hadi Mbinga iliwekewa lami kwa fedha za MCC ya Marekani, na kipande cha Mbinga hadi Mbamba Bay kikafuata kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Anayekumbuka mteremko ule wakati wa masika, malori yamelala ubavu, abiria wameshuka wanasukuma matope, hawezi kubeza lami hiyo. Lakini lami ilipofika Mbamba Bay ilisimama. Kutoka hapo kwenda Liuli na kuendelea hadi Lituhi ni njia ya vumbi kiangazi na ya utelezi masika, na vijito vinavyoshuka milimani vina tabia ya kubadili mawazo kwa usiku mmoja. Ni yaleyale ya boila: zaidi ya kilomita elfu moja za lami safi, kisha kipande kidogo cha mwisho kinachoamua siku yako.

Upande wa kaskazini, mto Ruhuhu uliwatenganisha watu wa Lituhi na wa Manda, wilayani Ludewa, wakitegemea kivuko. Kivuko kikilala, mikoa miwili inayotazamana inakuwa nchi mbili. Daraja limemaliza ubishi huo. Tazama lakini lilichopunguza: si kilomita, maana mto ni uleule na upana wake ni uleule. Limeondoa kusubiri.

Njia ya asili ya Liuli ni maji. Kutoka bandari ya Itungi, Kyela, hadi Liuli ni kama kilomita 185 kwa mstari. Meli inayokwenda kilomita 18 kwa saa ingemaliza kwa saa kumi na kidogo. Haimalizi hivyo, kwa sababu inasimama: Matema, Lupingu, Manda, na vijiji vingine vilivyobanwa kati ya ziwa na Milima ya Livingstone, ambavyo vingine havina barabara ya maana. Pale pasipo na gati, meli inatia nanga mbali kidogo, mitumbwi inatoka ufukweni, inajazana ubavuni. Hapo shuhudia: gunia la dagaa linapanda, godoro linashuka, mama anapitisha mtoto kwa mikono ya watu wawili asiowajua, bibi anagoma kuruka mpaka mtumbwi utulie, na mtumbwi hautulii. Kila kituo kinakula muda wake. Hivyo siku inakwisha, na usiku wake pia.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na MV Songea na MV Iringa, meli ambazo watu wa mwambao bado wanazitaja kama jamaa zao. Meli zikichoka, ratiba nayo huchoka. Meli itaharibika wiki hii, itatengemaa mwezi ujao, hakuna anayejua. Tangu mwaka 2021 iko MV Mbeya II, yenye nafasi ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, iliyoundwa hukohuko Kyela. Ni meli nzuri. Lakini meli moja kwa mwambao mzima maana yake ni kwamba ukiikosa, hukukosa safari, umekosa zamu. Hapo ndipo ninapoona shina la jambo lote. Mhandisi anapima safari kwa saa za mwendo. Abiria anapima kutoka saa aliyokuwa tayari hadi saa aliyofika. Kama chombo kinapita mara moja kwa wiki, msafiri asiyejua siku yake anasubiri, kwa wastani, siku tatu na nusu kwa safari yenye mwendo wa saa kumi. Ukiongeza kasi ya meli hiyo mara mbili, umemwokolea saa tano. Ukiipitisha mara mbili kwa wiki, umemwokolea karibu siku mbili. Ukimwambia tu siku na saa, na ukatimiza, anasubiri nyumbani kwake huku akipalilia muhogo wake, na kusubiri huko hakumgharimu kitu.

Si kila kusubiri ni uzembe, hilo liwekwe wazi. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki, ambao ng'ambo ya ziwa wanauita mwera, hulifanya ziwa hili kuwa bahari kamili. Tarehe 30 Julai 1946, katika msimu huohuo, meli mpya ya Nyasaland, Vipya, ilizama na watu 145. Mwenye mtumbwi wa mashine anayekataa kutoka Liuli asubuhi yenye mawimbi asisukumwe na abiria wenye haraka. Subira ya namna hiyo isiondolewe kamwe, na ratiba yoyote nzuri iiachie nafasi.

Kuna kioja kingine cha umbali upande wa magharibi. Mbamba Bay na Nkhata Bay ya Malawi zinatazamana, kilomita kama 60 za maji kati yao, saa tatu na nusu kwa meli ya kawaida. Kwa gari, mtu apande Songea, aende Makambako, Mbeya, Tukuyu, avuke mpaka Kasumulu, ashuke Karonga na Mzuzu: kama kilomita elfu moja. Sijui kama Afrika Mashariki kuna pengo lingine kubwa hivi kati ya jirani na jirani. Juu ya hayo, Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukitoka Mbamba Bay saa mbili asubuhi na ukasafiri saa tatu na nusu, unashuka Nkhata Bay saa nne na nusu kwa saa ya wenyeji. Ukirudi, saa hiyo wanakudai. Ni mchezo uleule wa abiria wa London na Paris, ambao nao wanapishana saa moja, ila wao hawachezi na nahodha aliyekwisha ondoka.

Saa zenyewe ni mtego hata bila kuvuka mpaka. Tiketi ya ndege huandikwa 07:00. Kwetu hiyo ni saa moja asubuhi, na kuna mtu anayeisoma saa saba mchana kwa nia njema kabisa. Gharama ya kosa hilo kwa mkazi wa Songea mjini ni aibu. Kwa aliyetoka Liuli jana ni safari nzima.

Mpaka wenyewe, kwa msafiri, ni kitendawili cha tangu mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Malawi husema ziwa lote upande huu ni lake hadi ufukweni, Tanzania husema mpaka uko katikati ya maji. Wavuvi wa Liuli wameendelea kuvua mbasa na dagaa bila kusubiri wanasheria wamalize, na sioni sababu ya makala haya kufanya vinginevyo.

Biashara ya dagaa ndiyo inayoonyesha bei ya muda. Dagaa mkavu anasubiri, hata wiki. Mbasa mbichi hasubiri. Mchuuzi akiona gari halina uhakika, anakausha kila kitu, anauza kwa bei ya kikavu, na faida ya ubichi inabaki kwa yule wa Mbamba Bay aliye kwenye lami. Watu wawili, ziwa moja, samaki mmoja, na kinachowatenganisha ni kama gari la saa kumi na mbili litatokea saa kumi na mbili.

Kwa mgonjwa hesabu inakuwa kali zaidi. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji ilipendekeza angalau asilimia 80 ya watu wa kila nchi waweze kufika mahali pa upasuaji wa dharura ndani ya saa mbili. Saa hizo mbili hazikuokotwa: mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya muda huo. Liuli ina bahati ya Hospitali ya St. Anne, urithi wa UMCA, kwa hiyo aliyeko kijijini hapo hayuko mbali na daktari. Lakini wa vijiji vya pembeni, au anayepewa rufaa kwenda Peramiho au Songea, saa mbili zake zinaanza kuhesabiwa kabla gari halijapatikana. Gari la wagonjwa hata likienda kasi gani, halirudishi saa iliyopotea kulitafuta. Saa hizo hakuna anayezungumzia kilomita.

Sasa kuna mipango mikubwa mezani. Uwanja wa Songea umeongezwa na kuboreshwa. Bandari mpya ya Mbamba Bay inajengwa. Reli ya kutoka Mtwara hadi ziwani, yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga, imo kwenye makabrasha kwa miaka. Yote hayo nayakubali, ingawa nina shaka moja: miradi hii imepangwa kwa ajili ya mzigo, makaa ya mawe na chuma, na mzigo haulali gesti wala haukosi gari la kuunganisha. Meli kubwa ikifunga gati Mbamba Bay saa tatu usiku wakati gari la mwisho la Liuli liliondoka saa kumi jioni, kwa abiria wa Liuli bandari hiyo imejengwa nchi nyingine. Na wanaodai kiwanja cha ndege kwa kila wilaya wawakumbuke wasafiri wetu wawili. Ndege isiyoonana na gari ni pambo.

Kama mimi ndiye ningeulizwa pa kuanzia, ningetaja vitu vitatu, vyote vidogo. Lami iendelee kutoka Mbamba Bay hadi Liuli na Lituhi, maana hicho ndicho kipande kifupi kinachoamua safari ndefu. Wenye meli, wenye mabasi na wenye ndege wakae mara moja kwa mwaka, walinganishe saa zao ili abiria wa mwambao afike Songea akutane na chombo, asikutane na gesti. Na la tatu linaweza kufanyika wiki hii: pale gatini Liuli libandikwe bango la siku na saa za meli, kwa saa za Kiswahili, pamoja na namba ya simu ya mtu atakayepokea na kusema ukweli iwapo meli imekwama Manda. Bango hilo ni bei ya mita chache za lami. Mamlaka inayohusika iliweke.